Mzizi wa Kitunguu

Kwa miaka mingi mwalimu wa biolojia alifundisha kugawanyika kwa seli kwa chaki tu, na mchoro wake ubaoni ulikuwa safi kama wa kitabuni. Shule ilipopata hadubini, alifurahi kupita wanafunzi wake, kwani naye alikuwa hajawahi kuyaona yale mambo kwa macho yake.

Waliotesha vitunguu kwenye glasi za maji. Mizizi ilipochomoza, mwalimu akakata mmoja, akaupaka rangi, akauweka juu ya kioo chini ya lenzi. Msichana aliyeitwa Mbishi, na jina lilimkaa, akawa wa kwanza kuchungulia.

“Naona matofali tu, Mwalimu. Hakuna kinachogawanyika.”

Mwalimu akachungulia. Kweli, seli zimejipanga zimetulia tuli. Darasa likaanza kunong’ona, lakini yeye hakubabaika.

“Nimekata juu mno,” akasema. “Mzizi hukulia nchani. Nipe mwingine.”

Safari hii alichukua ncha peke yake. Akailainisha kwa asidi, akaipaka rangi, akaifunika kwa kioo chembamba na kuibana polepole kwa dole gumba. Akainamia lenzi tena. Katika seli moja kromosomu zilikuwa nyuzi nene zilizovurugana. Katika nyingine zimejipanga katikati. Pembeni yake, makundi mawili yalikuwa yamevutwa kila moja upande wake. Na pale ukingoni, viini viwili vipya, ukuta mwembamba ukianza kuvitenganisha.

“Njoo uone, mama,” akamwambia Mbishi.

Msichana akaganda pale hadi wenzake wakaanza kumsukuma.

“Mbona hazisogei?”

“Asidi imeziua. Kila moja imebaki pale ilipofikia. Ndiyo maana tunaziona hatua zote kwa pamoja.”

Mbishi akainua kichwa, akautazama ubao. “Basi mchoro wako una kasoro, Mwalimu. Umezipanga kama askari wa gwaride. Hizi zimepinda, nyingine zina mikia.”

Darasa likasubiri kishindo. Mwalimu akarudi kwenye lenzi, akatazama tena bila haraka. Kisha akachukua kifutio, akaufuta mchoro wote, akamkabidhi msichana chaki.

“Chora ulichokiona. Mimi nitalinganisha kutoka hapa kwenye lenzi, na ukikosea nitakwambia.”

Mbishi akakunja mikono ya sweta, akaanza na zile nyuzi zilizovurugana.