Shimo la Kunywa Mvua

Kwa miaka thelathini na mbili Mzee Zege hakuwahi kuiacha ardhi wazi. Penye tope alimwaga zege, penye nyasi alimwaga zege. Mkewe alikuwa akimtania kwamba siku moja atarudi kutoka sokoni akute hata kitanda kimesakafiwa. Ndiyo maana mtaa mzima ulicheka uliposikia kwamba mwashi huyo, mwenye wajukuu wanne, amejiandikisha masomo ya jioni ili ajifunze kutengeneza bustani.

Na sasa bustani yake ya kwanza ilikuwa imetuamisha maji kama karai.

Ilikuwa katika uwanja wa zahanati, na mkuu wa zahanati alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, muuguzi ambaye mdomo wake haujui likizo. Kila mvua iliponyesha, maji ya paa yalifurika uwanjani, na akina mama wakavua viatu na kuvuka na watoto mgongoni hadi mlango wa chanjo. Muuguzi alitaka uwanja wote usakafiwe. Mzee Zege akamwomba nafasi: achimbe bonde la kina cha goti, apande matete, ayaelekeze humo maji ya paa, na ardhi iyanywe.

"Nakupa mvua moja, shemeji," muuguzi alisema. "Maji yakilala humo, nitakuwa nafuga mbu. Mvua ikinyesha Jumatano, Ijumaa saa nne mtu wa zege atakuwa hapa."

Kweli ikanyesha Jumatano. Maji yote yakakimbilia bondeni, uwanja ukabaki mkavu, watu wakapiga makofi. Lakini Alhamisi maji yalikuwa palepale. Ijumaa saa moja asubuhi yalikuwa palepale, na chura mmoja alikwisha hamia.

Mzee Zege alisimama ukingoni, kofia mkononi. "Bwana," aliomba kwa sauti ya chini, "umenifungua macho uzeeni, nakushukuru. Mbele ya wengine nikiaibika, sawa. Lakini si mbele ya shemeji."

"Amina," alisema mkewe nyuma yake. Alikuwa amemletea chai. "Sasa kunywa, halafu nieleze. Ulilitengenezaje hili shimo? Hatua kwa hatua, kama unavyonisomea madaftari yako."

"Nilichimba hadi kwenye mchanga, maana mwalimu alisema mchanga ndio unaopitisha maji."

"Enhe."

"Nikasawazisha chini. Nikashindilia. Nikarudisha udongo mweusi, nikapan..."

Kikombe kikasimama karibu na midomo.

"Ulishindilia?" mkewe aliuliza.

"Nilishindilia." Aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya jirani. Hakuna aliyeituma. Ilikuwa imeona ardhi iliyochimbwa, ikachukua kishindilio na kuipiga ardhi hiyo hadi ikawa ngumu kama sakafu, kama ilivyofanya kila siku ya maisha yake. "Mama watoto, nimesakafia bustani!"

Mkewe alicheka hadi akakaa chini. Mzee Zege naye akacheka, akavua viatu, akakunja suruali, akaingia majini na mtaimbo.

Alichoma katikati ya matete, kwa nguvu, mpaka akahisi ncha imeupenya ule ugumu na kuzama kwenye mchanga laini. Alipouchomoa, mapovu yakapanda. Akachoma tena, hatua moja pembeni. Mapovu mengine! Akina mama waliokuwa wakingoja chanjo wakasogea, na mmoja akaanza kuhesabu mashimo kwa sauti, wenzake wakamfuata. Walipofika arubaini, maji yaliyomfika katikati ya muundi yalikuwa kwenye vifundo vya miguu.

"Shemeji!" muuguzi aliita dirishani. "Umeamua kuoga zahanati?"

"Njoo uone, mtani wangu, halafu unicheke vizuri!"

Saa nne mtu wa zege, rafiki wa zamani wa Mzee Zege kazini, akafika na mashine yake. Alimkuta mwenzake amesimama kwenye tope lisilo na maji, matete yamemzunguka, uso wote meno.

"Nimwage wapi?" aliuliza.

Muuguzi aliinama, akaligusa tope kwa kidole, akakitazama. Nyuma yake mama mmoja alikuwa akielekea mlango wa chanjo, viatu miguuni.

"Rudi na zege lako," muuguzi alimwambia. "Na wewe shemeji, usijikaushe kwanza. Nyuma ya wodi nako kunafurika. Nichimbie jingine."

Mzee Zege aliinua macho juu na kusema asante, mara tatu. Kisha akatazama huku na huku akitafuta vifaa vyake. Koleo lilikuwepo, sururu ilikuwepo.

Kishindilio kilikuwa begani kwa mkewe, na mkewe alikwisha fika getini.

"Hiki nakwenda nacho nyumbani," alisema bila kugeuka. "Utakikuta chini ya kitanda."