Dakika Ishirini za Rébecca

Saa nne asubuhi jenereta iliwashwa, na mwanamke wa kompyuta akatokea ukutani mwa kituo cha polisi. Mradi fulani ulimleta Butembo ili polisi wajifunze kuhoji mashahidi kwa upole, maana mashahidi wa nyama na damu walikuwa wanachapwa. Alitengenezwa ng'ambo, bila jina. Asubuhi hiyo alikuwa na uso wa Rébecca, binti wa Séphora, aliyepotea tangu mavuno ya maharagwe.

Séphora mwenyewe alikuwa nje kwenye benchi, siku ya tisa, akingoja mtu wa kuandika malalamiko yake. Aliisikia sauti ya mwanawe, akaingia, akakaa nyuma. Hakuna aliyemfukuza, kwa kuwa mtihani ulikuwa umeanza.

Mbele alikaa Commandant Luc, na karatasi ya alama na kengele. Aliyekuwa akitahiniwa ni Inspekta Paulin.

— Ulikuwa unaenda wapi?

— Ku shamba, kuchuma sombe ku mihogo.

— Nani alikusimamisha?

— Commandant Luc. Alinipandisha ku pikipiki yake.

Luc akaandika: swali fupi, sauti nzuri. Kesi ya ngedere ilikuwa imefika kwa nyani, na nyani alikuwa na kalamu.

— Kisha?

— Kisha aliniua.

Paulin aliandika jibu kwa mwandiko safi, kama alivyofundishwa.

Séphora hakutaka mtu afungwe. Alitaka mwili tu, auzike nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kando ya kaburi la baba wa Rébecca. Akasogea mbele, akamwinamia Paulin.

— Papa, tafazali, umuulize Rébecca ni fasi gani walimuzika.

— Mama, swali ya mutu ya inje inapunguza mapointi.

Paulin alimhurumia kweli. Lakini alikuwa na watoto wanne, na cheo hakingojei. Akauliza swali la mwisho la fomu:

— Iko kitu ingine unapenda kuongeza?

— Ndiyo. Mama, niko ku...

Luc akapiga kengele. Dakika ishirini zilikuwa zimekwisha, na ukuta ukabaki ukuta.

Paulin alipata kumi na nane juu ya ishirini. Mbili zilikatwa kwa sababu hakumpa shahidi maji.

Kesho yake Séphora alileta maji kwenye kikombe cha bati, akayaweka chini ya ukuta. Rébecca aliyanywa yote, akasimulia yote tena hadi "Mama, niko ku...", na kengele ikalia palepale. Polisi aliyetahiniwa siku hiyo alipata ishirini juu ya ishirini.