Nafasi ya Ineza

Jumanne moja ya mwaka 2007, Felisita alimkalisha Ndizeye kwenye kreti la soda, akamsogezea kinasa sauti, akamwambia aimbe kabla jenereta haijaishiwa mafuta. Felisita, binti wa kijiji cha Mugoma, alikuwa na kompyuta moja tu kwenye kibanda chake ndani ya geti la kambi, wilayani Ngara. Ndizeye alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mpiga inanga, ule ubao wa nyuzi nane unaoimbiwa kwa kunong'ona. Alitaka jambo moja: aandikwe kwenye blogu ya muziki ya Dar es Salaam, ili dada yake Ineza, waliyepotezana naye njiani wakivuka mto mwaka 1993, ajue popote alipo kwamba kaka yake yuko hai.

"Blogu hazitaki mambo mengi, mzee," Felisita alisema. "Wimbo mmoja, si kumi. Picha yenye mwanga. Na maneno mawili matatu, wewe ni nani."

Wimbo ukatumwa. Siku ya nne mwenye blogu, Celestini, akajibu kwamba inanga ni tamu lakini wimbo una mapengo, kila baada ya mstari ni kimya. Atafutwe mwitikiaji.

Ndizeye alikataa katakata. Kwao walikuwa wakiimba wawili, yeye na Ineza, na nafasi ya mtu aliye hai haijazwi na mwingine. Miaka kumi na minne alikuwa akiiacha wazi, anahesabu pumzi nne, ndipo anaendelea. Watu wa kambini walishamcheka hadi wakachoka wenyewe.

"Haya, turekodi upya," Felisita alisema. "Labda uharakishe kidogo."

Hakuharakisha. Waliposikiliza, kwenye kila nafasi sauti ya mwanamke ilikuwa ikiitika, karibu sana na kinasa, na chini yake maji yalisikika yakipita. Felisita alichungulia nje. Hapakuwa na mtu, ila humo ndani kreti tupu lililokuwa kando ya Ndizeye lilikuwa limelowa chapachapa.

"Nani huyu?"

"Ineza."

"Amekuja lini?"

"Sasa hivi." Ndizeye aliweka inanga chini. "Angekuwa hai, angekuja kwa miguu."

Alilia bila kujificha. Felisita akazima jenereta ili isimpigie kelele.

Kesho yake wimbo ulitumwa tena, pamoja na jina la Ineza kama mwitikiaji. Safari hii Celestini aliandika ukurasa mzima, akamsifia Ineza kwa sauti yake na utulivu wake. Inanga, aliandika, imepigwa na mkimbizi mmoja. Wasomaji themanini walitaka Ineza atafutwe. Celestini akatuma mwaliko, aje arekodi Dar es Salaam.

Ndizeye aliupeleka mwaliko ofisi ya kambi. Kwenda mbali kulihitaji kibali, na yeye alikuwa ameomba mara tisa kwenda kwenye kambi ya Biharamulo kumtafuta Ineza, mara tisa akanyimwa. Karani Malongo aliusoma pole pole.

"Umeandikwa Ineza. Jina lako halimo."

"Ineza alikufa, bwana. Alizama mtoni."

"Pole sana. Lakini barua yake imekamilika."

Akaandika kibali cha Ineza, akagonga muhuri. Siku thelathini, kwenda na kurudi.

Ndizeye alikisokomeza kibali chini ya nyuzi za inanga, akarudi kibandani. Felisita akawasha kinasa. Ndizeye aliimba mstari wa kwanza, akanyamaza, akahesabu pumzi nne. Kimya. Akaimba wa pili. Kimya. Alipotazama chini ya nyuzi, kibali hakikuwapo, na ubao ulikuwa na unyevu.

"Ameshaondoka," Felisita alisema. "Basi la Dar limepita muda si mrefu."

"Askari wa getini wamemwachia?"

"Si ana kibali?"

Ndizeye alilitazama geti. Kisha akaomba karatasi na kalamu, akaanza kuandika ombi lake la kumi la kwenda kumtafuta Ineza.