Mashine Iliyofunikwa Khanga

“Zima hilo dude lako, Mustafa! Barafu zangu zinageuka uji!”

“Dude ni friza lako, linakoroma kutwa kama mzee mwenye kifua. Mimi nasaga.”

“Unasaga nini? Unasaga upepo! Ukigusa tu hiyo swichi kitongoji kizima tunazimika, halafu unatoka nje kutushangaa kama hukufanya wewe!”

Kibaraza changu kinatazamana na nyumba zao zote mbili, kwa hiyo niliendelea kuchagua mchele wangu na maneno yakawa yanapita juu ya kichwa. Kwangu watu hawakauki, lakini siku hiyo walikuja hata wasiokula chapati zangu. Jirani yetu Sadala alileta na kigoda chake kabisa.

Chausiku ni mjane, anawauzia watoto wa shule barafu za ubuyu. Mustafa ni mkulima wa mahindi, ukuta unaomtenga na Chausiku kuku anauruka bila kujitahidi. Miaka yote walikuwa wakipeana chumvi na moto. Ugomvi uliletwa na umeme. Kampuni moja ya Korogwe ilikuja kutufungia paneli za jua nyuma ya shule na kuvuta nyaya mpaka huku kwetu porini Handeni, tukapiga vigelegele. Vigelegele havijapoa vizuri, Mustafa akawasha mashine ya kusaga, na taa zote zikafa.

“Leo nimemwita Josefina,” alisema Mustafa. “Ataitengeneza kwenye kompyuta yake. Halafu tuone nani atakuja kwangu na debe la mahindi akiinamisha uso.”

“Nitatwanga!” Chausiku alijibu. “Nina kinu, nina mikono!”

Kusema kweli, yule mzee hakununua mashine kwa ajili ya kututambia. Ni kwa ajili ya Maryamu, mkewe. Kusaga kwetu ni ng'ambo ya mto, na mwaka juzi Maryamu alidondoka na bodaboda akiwa amepakata gunia. Nyonga haikurudi mahali pake. Akawa anatembea kwa kuchora mguu chini, na bado akawa anakwenda kusaga, maana mtoto wao Adamu yuko Dar na tumbo halingoji nyonga. Mustafa aliuza ng'ombe wake wote. Akamwambia mkewe mbele yetu sisi wanawake, jambo ambalo mwanamume wa kwetu hasemi hadharani, kwamba ipo siku unga utatoka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Tukacheka, tukadhani ni mapenzi ya uzeeni. Kumbe mashine alishanunua.

Josefina akafika, amekaa kiume kwenye bodaboda, begi mgongoni. Ni binti wa Ngombezi, babu yake aliletwa kukata mkonge, sasa yeye ni fundi wa ile kampuni, na ndiye aliyepita hapa baada ya masika, kabla ya paneli, akiuliza nyumba kwa nyumba tutawasha nini.

“Shikamoo, mzee Mustafa.”

“Marahaba, mwanangu. Pita, pita. Mgonjwa yuko ndani.”

Tukaingia wote. Hakuna aliyekaribishwa, hakuna aliyebaki nje. Mashine ilikuwa pembeni mwa sebule, na juu yake Mustafa alikuwa ametupia khanga moja nyekundu iliyofifia. Josefina aliitazama ile khanga, akatazama dirisha, akatazama tena khanga.

“Mzee,” alisema, “hapa si ndipo nilipoweka kompyuta siku ile?”

Mustafa akawa anafuta vumbi lisilokuwepo kwenye kiti.

“Uliniambia ni kasha la vyombo vya marehemu mama yako. Nikaweka kompyuta juu yake, nikanywa na chai. Nikakuuliza, kuna mashine yoyote, ya kusaga, ya kuchomelea? Ukasema taa mbili na simu ya mama Adamu. Nikaandika taa mbili na simu, mzee, juu ya mashine yenyewe!”

Sadala alicheka peke yake, akaona hakuna anayemfuata, akanyamaza. Angecheka nini na yeye? Ana sabufa kubwa kama mbuzi, na kwa Josefina alisema ana redio ya betri. Wote tulisema hivyo. Kwetu mali haihesabiwi mbele ya mgeni. Ukiulizwa una kuku wangapi, unajibu wapo wapo tu. Ukiwataja, kesho kicheche anajua mlango. Bibi zetu walitufundisha hivyo, na akija mtu na kompyuta anauliza nyumba hii itachomeka nini, saa ngapi mpaka saa ngapi, unajibu kama ulivyofundishwa. Hata Chausiku, ambaye friza lilikuwa njiani kutoka Korogwe, alisema, “Friza la kazi gani, mwanangu, mimi mjane?”

“Yameshapita hayo,” Mustafa alisema. “Sasa nakwambia ukweli. Mashine ninayo, hii hapa. Iandike.”

Josefina akakaa, akafungua kompyuta juu ya mapaja. Mustafa akainama nyuma ya bega lake mpaka ndevu zikamgusa binti wa watu. Kwenye kioo palikuwa na mstari wa umeme unaotumiwa na kitongoji chetu, umelala chini mchana kutwa, jioni unainuka kidogo kama mtu anayetaka kusema kitu, halafu unalala tena. Ndio sisi hao. Ndivyo tulivyojieleza. Akasoma kibati cha kwenye mota, akaandika, akabonyeza. Mstari ukapanda kama mnazi na kioo kikaandika kwa rangi nyekundu.

“Nyekundu ni nini?” Mustafa aliuliza.

“Haiwezekani.”

“Punguza. Nitasaga asubuhi tu.”

Akapunguza. Nyekundu.

“Basi saa sita mchana, jua likiwa utosini. Kidogo tu. Debe la Maryamu peke yake, sisagii mtu mwingine.”

Josefina akaandika na hilo, debe la Maryamu peke yake. Akasubiri. Nasi tukasubiri, nikasikia hata pumzi ya Chausiku, ambaye alikuwa ameingia bila kujijua na mikono inadondosha maji ya ubuyu. Nyekundu.

“Mzee wangu, si jua,” alisema taratibu. “Mota ikianza kuzunguka inavuta kwa nguvu kuliko ikishazoea. Ile inveta kule nyuma ya shule, inayoleta umeme wa paneli majumbani, ilinunuliwa ya kutosha taa na simu. Mota ikishtuka tu, inveta inajizima ili isiungue. Hata usage kikombe.”

“Basi leteni kubwa.”

“Mradi wa hapa umefungwa. Wameshahamia Mnyuzi.”

“Andika basi kwamba nilisema. Rudisha nyuma, andika nilisema siku ile.”

“Nikiandika leo, mzee, inveta haikui.”

Mtu mmoja akasema auze. Mustafa hata hakugeuka. Amuuzie nani? Wa mjini wanazo, na sisi wengine tuna umeme uleule.

Josefina akamgeukia Chausiku. “Na wewe mama, friza lako silioni humu. Betri zinazotunza umeme wa paneli zinaisha kabla ya isha kwa sababu yake. Jua likizama, uwe unalizima.”

“Na barafu?”

Binti akafunga begi, akatuaga mmoja mmoja kwa adabu, na bodaboda ikaondoka. Watu wakaondoka mmoja mmoja. Sadala alisahau kigoda chake.

Mimi nilirudi kibarazani kwangu, na kutoka pale niliona ndani kwa Mustafa. Aliikunja ile khanga, akaikunjua, akaifunika mashine vizuri, akaingiza pembe zake chini kama anayefunika mtoto aliyelala. Halafu akatoka akakaa mlangoni, anatazama njia ya mtoni. Maryamu alikuwa ameondoka tangu asubuhi na debe la mahindi, hajarudi. Jikoni kwao hapakuwa na moshi, maana unga ulikuwa huko huko ng'ambo pamoja naye.

Jua likashuka. Friza la Chausiku likakoroma mara ya mwisho, likanyamaza, amelizima mwenyewe. Nilisikia kinu kikitwanga, kikaacha, mwiko ukagonga sufuria. Harufu ya bada, ugali wetu wa muhogo, ikatufikia. Chausiku akatokeza kwenye ukuta, uso umejaa vumbi la unga. Nikaweka mchele chini, nikijua sasa yanaanza upya.

“Baba Adamu,” alisema.

Mustafa akainua kichwa.

“Ni la kutwanga, lina chenga. La Maryamu nimelifunika, atalikuta. Mwanaidi, na wewe acha kuchungulia, njoo. Karibuni tule wakati bado tunaonana.”