Plagi Ambayo Haikufunguliwa

Fundi Sikio hakuwa na habari na plagi. Mafundi wenzake wa pikipiki wakimaliza kuseti injini huifungua plagi na kuitazama rangi: ikiwa ya kahawia, salama, ikiwa nyeupe, injini inapata hewa nyingi na mafuta kidogo, inajiunguza yenyewe. Yeye aliwacheka. "Plagi wafungue wasiojua kusikiliza," alisema, na kwa miaka ishirini na saba hakutokea wa kumbishia. Aliinamisha kichwa juu ya injini inayonguruma, akafumba macho, akageuza skrubu ya kabureta robo mzunguko, basi, kazi imekwisha. Jina alilopewa na wazazi wake watu walishalisahau.

Ila masikio yenyewe, jamani, yalikuwa yamekwenda zake. Mwaka na ushei sasa. Sauti nzito alizisikia vizuri, lakini zile nyembamba zilimtoroka moja moja: kengele ya baiskeli, mluzi, birika linapochemka. Hakumwambia mtu. Mkewe alidhani mzee ameota kiburi tu, maana anaitwa mara tatu haitiki. Na angesema nini? Fundi Sikio hasikii! Si wangemcheka mpaka barabara ya pili? Aliona afadhali afe na siri yake.

Jumamosi asubuhi alikuja mkwewe na pikipiki, na nyuma amempakia kitindamimba wa fundi, binti aliyekulia humo humo gereji akichezea nati. Walikuwa njiani kwenda kwa wazazi wa kijana, kilomita tisini, na katikati kuna ule mlima mrefu.

"Baba, naomba uifungue ipumue," mkwe alisema. "Pale mlimani inanitia aibu. Malori yananipita!"

"Malori? Wewe mwanangu umeoa kwangu halafu unapitwa na malori?" Fundi akacheka, akakunja mikono ya shati.

Alitoa boksi la filta, akafunga filta ya wazi inayovuta hewa bila kizuizi. Akang'oa ekzosi ya kiwandani, akaweka nyingine fupi isiyo na kitu ndani cha kuzuia moshi. Sasa hewa ikiingia kwa wingi na kutoka kwa wingi, mafuta nayo lazima yaongezwe, na hayo hupitia kwenye jeti, kijipande cha shaba chenye tundu dogo ndani ya kabureta. Kwenye kopo lake alikuwa na jeti za saizi tatu. Akaanza na ile iliyoizidi ya zamani kidogo tu, kama desturi yake: injini ikilalamika ataisikia, atatia kubwa zaidi.

Akaiwasha. Mabati ya paa yakatetemeka. Akainama, akafumba macho, akavuta mafuta. Alisikia ngurumo nzito, nzuri, iliyoshiba. Hakusikia kitu kingine.

"Inaimba," alisema. "Nendeni."

"Baba, kuna kitu kinagonga." Kitindamimba alikuwa amesogea. "Kidogo kidogo, ukivuta mafuta. Kama njugu kwenye kopo. Husikii?"

Fundi aliinua kichwa. Cheche, mchomeleaji wa kibanda cha pili, alikuwa ameinua kinyago chake na anatazama. Wateja wawili kwenye benchi nao wanatazama. Spana ya plagi ilikuwa pale mezani, karibu na mkono wake. Dakika mbili tu! Angeifungua, angeiona nyeupe, angebadilisha jeti, na hadithi hii nisingekuwa nayo. Lakini aifungue mbele ya watu hao wote, yeye?

"Umekuwa fundi lini wewe?" alisema, na wateja wakacheka. "Kava ya mnyororo hiyo, imelegea." Akaikaza nati ambayo haikuwa imelegea hata kidogo.

"Bado inagonga, baba."

"Nimekulea kwa masikio haya haya!"

Binti alimtazama. "Haya, baba. Wewe ndiye fundi." Akapanda nyuma ya mumewe.

Wakaondoka kwa kishindo, na mtaa mzima ukaziba masikio. Fundi peke yake alisimama akipunga mkono.

Cheche alikuja akijifuta jasho. "Kaka, tuseme ukweli. Yule mtoto hakukosea. Hata mimi nimesikia. Nikajua una sababu zako."

"Umesikia?"

"Kila mtu amesikia, kaka."

Fundi aliketi juu ya tairi. Hakuhitaji kuelezwa: jeti ilikuwa ndogo mno, mafuta hayatoshi. Kwenye barabara ya tambarare wangekwenda bila shida, wakifurahi. Lakini mlimani, mafuta yamevutwa mpaka mwisho kwa nusu saa, injini ingezidi kupata moto, pistoni ingevimba na kung'ang'ania silinda, na gurudumu la nyuma lingesimama papo hapo. Dereva hapewi nafasi hata ya kupiga kelele.

Akapiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Nani angesikia simu mkobani na ekzosi ile inaunguruma chini yake? Ni yeye aliyeifunga kwa mikono yake! Akampigia mkwe, kimya vile vile. Mteja mmoja aliuliza zamu yake lini, fundi akampa mgongo. Alipiga mara kumi na nne, vidole vinateleza kwa grisi na jasho, huku akiitazama saa ya ukutani na kuhesabu: wamepita daraja, wamefika njia panda, sasa wanaanza kupanda.

Saa tano kasoro kidogo simu ikatetemeka mkononi. Jina la kitindamimba.

"Mwanangu! Simameni hapo hapo mlipo! Usimruhusu awashe tena!"

Alisikia kama upepo, na ndani ya upepo hakuna neno. Akahamishia simu sikio la pili. Akaibana mpaka ikamuuma. Cheche alikuwa amesimama mbele yake, na wateja wameinuka.

"Cheche," alisema. "Nisikilizie. Mimi sisikii."

Cheche aliipokea bila kuuliza. Alisikiliza, uso ukamshuka.

"Anasema gurudumu la nyuma lilijifunga ghafla, kwenye kona."

"Yeye mzima?"

"Mkono umevunjika. Yuko chini, kando ya barabara."

"Na mkwe?"

"Anamwita. Anasema hamwitikii." Akasikiliza tena, kisha akamwangalia fundi. "Anakuuliza, asubuhi ulisikia ukanyamaza, au hukusikia?"

Fundi aliitazama simu mkononi mwa Cheche.

"Mwambie sikusikia," alisema. "Mwambie tangu mwaka jana sisikii."

Cheche aliyarudia maneno yale kwenye simu, taratibu.

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu. Analia tu."

Fundi alinyoosha mkono, akaichukua simu, akaibana sikioni kwa mikono miwili. Hata kilio hicho hakukisikia.