Nilivyoazima Petroli ya Gari ya Mashindano

Wewe mama ambaye mtoto wako anashinda garaji akifungua injini, siku akikuletea bido ya petroli na kukwambia usiiguse, usiiguse. Usiulize moyo wako. Moyo utakujibu vile unavyotaka. Mimi wangu uliniambia petroli ni petroli.

Mtoto wangu Parfait alikuwa anajifunza ufundi Mbarara, pale Ruti, kwa bwana mmoja anayeitwa Kayumba. Huyo bwana ana Subaru ya mashindano, ya bluu, yenye turbo. Ikiwashwa hata mbuzi wanaacha kula. Parfait ndiye aliyeipanga injini ile kwa mikono yake, na Kayumba alikuwa amemwahidi: gari ikimaliza vizuri mashindano ya Isingiro, atamfanya fundi wake wa kudumu na kumpa chumba nyuma ya garaji. Kwa mtoto aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, chini ya turubai la shitingi, hiyo haikuwa ahadi ndogo. Alikuwa ameanza hata kusema rangi ya pazia.

Ijumaa alikuja nyumbani na bido nyekundu ya lita ishirini. Gari ingepita Kabingo, karibu na kwetu, siku ya Jumapili na kuongezwa petroli pale, na garajini petroli nzuri haikai, vijana wanainyonya kwa mpira. Akaisukuma chini ya kitanda changu.

"Maman, hii si ya vituo vya huku. Imetoka Kampala, ni ya oktani ya juu, halafu nimeitia busta. Nimepima mwenyewe."

"Busta ni kitu gani?"

"Ni dawa ya kuongeza oktani, inakuja kwenye kichupa. Turbo inasindilia hewa, petroli inabanwa sana ndani ya injini. Ile ya kawaida ikibanwa hivyo inajiwakia kabla ya wakati, inapiga pistoni kama nyundo. Hii inavumilia. Inangoja moto wake."

"Kumbe inanishinda uvumilivu."

Akacheka. "Inakushinda mbali. Usiiguse, maman."

Kesho yake ilikuwa siku ya soko Kabingo. Nilikuwa na makreti ya nyanya zilizoiva mpaka zinatoa maji, na nilikuwa nimepatana na Adolphe, kijana wa pikipiki, azipeleke. Akaja anaisukuma pikipiki kwa mikono, jasho mpaka shingoni.

"Mama Parfait, tanki ni kavu. Wauza petroli ya chupa wote wa barabarani wameishiwa. Tungoje mchana."

Mchana nyanya zangu zingekuwa supu. Nikatazama kitanda.

Sisi huku tunaazimana. Chumvi, makaa, unga, mafuta ya kula. Ukiazima kikombe unarudisha kikombe, na ukiwa mtu wa adabu unarudisha kimejaa kuliko ulivyopewa. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyomlea Parfait. Basi sikuona kwamba ninaiba. Nikaivuta bido, nikachora alama ya mkaa pale petroli ilipofika, nikaanza kummiminia Adolphe. Nilisema chupa mbili tu. Lakini makreti yalihitaji kwenda na kurudi, na Adolphe alikuwa ameshika mdomo wa tanki vizuri sana. Nilipofunga kifuniko bido ilikuwa nusu.

Jirani yangu Pascaline, Mkongomani, alikuwa amesimama mlangoni.

"Ile si ya mutoto? Alikuambia nini?"

"Alisema isiibiwe. Mimi siibi, naazima."

"Aya, mama wa haki," akasema, na akacheka kile kicheko chake cha kumwona mtu anajidanganya.

Nyanya ziliuzwa zote. Adolphe alirudi anapiga kelele kwamba petroli ile ni moto, pikipiki inaruka yenyewe. Nami nikanunua petroli kwa mwenye chupa pale Kabingo, nikaijaza bido mpaka ikapita alama yangu. Nikaipangusa kwa kitambaa, nikaisukuma chini ya kitanda, nikalala vizuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nililala vizuri.

Jumapili tulitoka misa tukaenda Kabingo, mimi na Pascaline, kumwangalia Parfait. Watu walijaa pande zote mbili za barabara. Subaru ilifika na vumbi lake, Kayumba mwenyewe kwenye usukani. Parfait akaikimbilia na bido na mrija wa kumiminia. Nilimwona ameinua pua kidogo, kama mtu aliyesikia harufu asiyoijua. Lakini Kayumba alikuwa anapiga honi, "Harakisha, kijana!" Akamimina yote.

Gari ikaondoka, ikashika mlima. Kwanza nilisikia sauti kama changarawe kwenye kopo. Parfait akaweka mikono kichwani kabla ya mtu mwingine yeyote kuelewa. Halafu kishindo kimoja, moshi, na gari ikasimama katikati ya mlima.

Kayumba alishuka kwa miguu, kofia yake ngumu mkononi. Aliichukua bido tupu, akainusa.

"Hii iko na mafuta ya taa! Wewe umeuza petroli yangu, umejaza takataka ya barabarani!"

"Hapana, boss, mimi..."

"Nyinyi watu wa kambi mnauza kila kitu. Hata maharagwe ya msaada mnauza. Nani alishika hii bido?"

Parfait akageuza kichwa, akanitafuta kati ya watu. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mkono. Aliponiona hivyo akajua. Mtoto uliyemzaa hahitaji kuelezwa.

"Ni mimi peke yangu, boss," akasema.

Pascaline akanifinya mbavuni. "Sema."

"Nitasema nyumbani."

"Nyumbani utamwambia nani?"

Kulikuwa na askari wa barabarani wawili, na watu wanacheka, na simu zinapiga picha. Kayumba alimvua Parfait ile fulana ya garaji mbele ya watu wote, nami nikatazama.

Jioni alikuja nyumbani na begi lake. Alikaa, akala alichopewa. Aliuliza neno moja tu.

"Nyanya zilifika?"

"Zilifika."

Akaitikia kwa kichwa. Nikatafuta la kusema, nikasema lile la kipumbavu, kwamba Adolphe alisifu petroli yake, pikipiki iliruka.

"Haikuruka, maman. Pikipiki haina haja na petroli ile. Kilichoruka ni kichwa cha Adolphe." Halafu akageukia ukuta.

Sikuweza kuvumilia. Jumatano nikampigia magoti Mungu, nikapanda gari mpaka Mbarara, nikaenda Ruti. Kayumba alinipa kiti, kwa heshima. Akanionyesha pistoni juu ya meza, ina tundu ambalo kidole gumba changu kilipita. Nikamweleza yote: nyanya, Adolphe, alama ya mkaa, mwenye chupa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, halafu akatabasamu kwa huruma.

"Nyabo, wewe ni mama mzuri. Hata mama yangu, mimi nikikamatwa na ng'ombe ya mtu, atasema ni yeye alifungua boma."

"Si uongo, bwana! Nitamleta Adolphe, umuulize!"

"Adolphe ni mtu wenu. Kama ulikuwa unajua, mbona ulinyamaza pale Kabingo? Ulikuwa pale, mimi nilikuona. Ungesema saa ile, ningekugombeza wewe na kijana angebaki na kazi. Sasa mmekaa, mmepanga, mnaniletea hadithi." Akasimama. "Rudi tu nyumbani. Na wewe sina ubaya."

Nikarudi. Nilimkuta Parfait nje anaziba pancha ya baiskeli ya mtu.

"Ulitoka wapi?"

"Ruti. Nimemwambia ukweli wote."

Akaweka spana chini polepole. "Akasemaje?"

"Hakuniamini."

Akabonyeza tairi kwa kidole gumba. "Jana nilimpigia simu," akasema. "Nilimwomba nirudi hata kwa kufagia, kidogo kidogo anizoee tena. Alikuwa amesema atafikiri. Sasa anajua nimemtuma mama yangu akadanganye."

"Hukunituma!"

"Najua, maman. Wewe na mimi tunajua."

Akaokota spana, akainamia baiskeli. Tangu siku hiyo simu yake inakaa juu ya kopo la misumari. Ikilia anapangusa kwanza grisi mikononi, kidole kwa kidole, ndipo anaitazama ni nani. Mpaka leo ninapoandika, haijawahi kuwa Ruti.