Safu ya Gershom

Gershom alifariki Jumanne saa nne asubuhi, mguu wake wa kulia ukiwa umefungwa bandeji hadi gotini. Wiki tatu kabla alikuwa akichoma kambare kando ya shamba letu la mpunga, hapa Ndera, akakanyaga kaa lililojificha ndani ya majivu. Alisimama juu yake huku akigeuza samaki. Alisikia harufu ya nyama ikiungua, akadhani ni kambare.

Kaka yangu hakuwahi kusikia moto. Tangu utotoni alishika sufuria kwa mikono mitupu na kutafuna pilipili kama njugu. Jirani yetu Silas alizoea kumtania, "Gershom, huo ulimi ni wa mabati?" Naye alikuwa akimjibu, "Wako ndio wa karatasi, Silas. Ukinyeshewa utachanika." Tulicheka miaka yote hiyo.

Hospitalini alikutana na Kafia, msichana wa Madogo anayesomea kazi za maabara. Kafia alimwuliza kidonda kilimuuma vipi alipoungua, Gershom akasema hakikumuuma. Akaombwa damu ya uchunguzi, akakubali, akatia sahihi. Siku tano baadaye sumu ya kidonda ilimwenea mwilini akatutoka.

Siku ya tatu ya matanga wanawake walikuwa wakipika uani. Binti yangu Christabel, wa miaka minne, alikwenda mekoni akainua kifuniko cha sufuria ya wali kwa mikono yote miwili. Makaa yalikuwa ndio kwanza yameondolewa juu yake.

"Mama, niweke wapi?"

Nilimpokonya, kikanichoma mimi. Viganja vyake vilikuwa vimeanza kutoa malengelenge, naye alinitazama akingoja jibu.

Mama yangu alisema polepole, "Hajaenda mbali."

Tangu siku hiyo wakamwita mtoto Mjomba. Silas akikutana naye njiani huvua kofia: "Shikamoo, mjomba." Mwanzoni ulikuwa utani. Kisha mama akaanza kumpakulia katika sahani ya Gershom, na hakuna aliyecheka. Mimi nami sikuwa bora. Siku moja nilikuwa natafuta panga la kaka yangu, nikajikuta nauliza kwa sauti, "Gershom, uliliweka wapi?"

Christabel hakuinua kichwa. "Kwenye ndizi," alisema.

Lilikuwa kwenye ndizi, limechomekwa katika shina, limeanza kushika kutu. Alizoea kumfuata mjomba wake kila mahali, huenda alimwona akilichomeka. Nilijiambia hivyo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Usiku huo sikulala. Asubuhi nilimpigia Kafia. Nilitaka kujua jambo moja tu: mwanangu ana nini ndani yake. Alikuja akachukua damu ya mtoto, na baada ya miezi minne akarudi kutoka Garsen kwa bodaboda, kompyuta ameizungushia leso kwa sababu ya vumbi.

"Karibu, daktari," mama alimwambia.

"Mimi si daktari, mama. Ni mtu wa maabara."

"Basi karibu, mtu wa maabara. Kaa, chai iko motoni."

Alitueleza taratibu. Seli zetu zina vipokezi, kama vilango vidogo. Kimoja kati ya hivyo hufunguka kikiguswa na joto kali au na ukali wa pilipili, na kikifunguka, kalsiamu huingia ndani ya seli. Huko maabara hutia seli rangi inayong'aa ikikutana na kalsiamu. Mlango ukifunguka, unaona taa. Seli zenyewe ni za maabara, zimekuzwa huko miaka mingi. Zimepewa tu maelekezo ya kutengeneza kipokezi, yale yaliyosomwa kwenye damu ya kila mmoja.

"Hivi ni vishimo vyenye seli, safu tatu. Ya juu ni ya mtu wa kawaida," alisema, akifungua video kwenye kompyuta. "Ya katikati ni ya Gershom. Ya chini ni ya Christabel."

Skrini ilikuwa nyeusi. Tone la pilipili likaingia. Safu ya juu iliwaka kijani, kishimo baada ya kishimo, kama macho yanayofumbuka. Ya katikati ilibaki giza. Nilishika ukingo wa meza nikaitazama ya chini. Nayo ilibaki giza.

"Amepata maelekezo mabovu, nusu kwako na nusu kwa baba yake, ingawa nyinyi wenyewe moto mnausikia," Kafia alisema. Baba yake ni mzaliwa wa kijiji hiki hiki, na koo zetu zimechanganyika tangu zamani. "Mwiba atausikia, baridi ataisikia. Moto ndio hautamwambia kitu. Ngojeni, kuna tone la mwisho."

Safu zote tatu ziliwaka kwa pamoja. Ya Gershom ilikuwa kijani cha mpunga mchanga.

Mama alisimama. "Ameitika."

"Mama, hizo si seli zake."

"Na hiyo taa ni ya nani?"

Kafia alimsogezea kompyuta. "Tone hilo huiingiza kalsiamu kwa nguvu, hata kama mlango ni mbovu. Tunalitia ili tuwe na hakika kwamba seli zilikuwa hai muda wote."

"Na baada ya hapo?" niliuliza.

"Haziishi muda mrefu."

Hakuna aliyekuwa akimwangalia mtoto. Tuliposikia hatua zake alikuwa tayari mlangoni, amelikumbatia birika kutoka jikoni, viganja vimekaza kwenye tumbo lake jeusi, mvuke ukimpanda usoni.

"Mjomba analeta chai," mama alisema, akitabasamu.

Nililipokea kwa upindo wa kanga. Gauni la mtoto lilikuwa limeanza kunuka kuungua kifuani.

"Mama," nilisema, "huyu ni Christabel. Gershom tumemzika."

Mama aliitazama skrini. Ilikuwa imerudi kuwa nyeusi.

Christabel ana miaka mitano sasa. Jiko liko juu ya meza ili asilifikie. Kila jioni namketisha kwenye kigoda, namwosha miguu, nageuza unyayo wa kulia, kisha wa kushoto.